Nukta Sita: Maisha ya Louis Braille



Je, unazikumbuka siku zile kabla hujajua kusoma? Barua ilipokufikia uliipeleka kwa mtu mwingine akusomee. Pengine alikuwa mtoto wa jirani, pengine karani wa kijiji. Siri yako aliijua yeye kwanza, ndipo ukaijua wewe. Ulipotaka kujibu, wewe ulisema na yeye akaandika. Hukuweza kuhakikisha kama ameandika yale uliyoyasema. Mwishoni ulitia dole gumba, basi.

Sasa wewe umejifunza. Lakini fikiri juu ya mtu ambaye macho yake hayaoni kabisa. Kwa muda mrefu sana watu kama hao waliambiwa kwamba kusoma na kuandika si kazi yao. Aliyelibadili jambo hilo kuliko wengine wote ni mtu mmoja, naye mwenyewe alikuwa haoni. Jina lake ni Louis Braille. Jina hilo husomwa Lui Brai. Alikuwa mtu wa Ufaransa.

Kazi yake imefika mpaka kwetu Dodoma. Ukitoka mjini Dodoma kwa barabara ya Morogoro, utapita Buigiri. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha hapo shule ya watoto wasioona. Watoto wa Buigiri husoma kwa vidole. Maandishi wanayosoma huitwa nukta nundu, nayo ni yale yale aliyoyatunga Louis Braille akiwa kijana. Soma sasa maisha yake, nawe utaona jinsi alivyofikiri.

1. Mtoto wa fundi wa ngozi

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray. Kijiji hicho kiko mashariki ya mji mkuu wa Paris, kama Buigiri ilivyo mashariki ya Dodoma. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa mtoto wao wa nne.

Mwaka 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake. Akachukua kifaa chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, akajaribu kufanya kama alivyomwona baba yake akifanya. Kifaa kikateleza, kikamchoma jicho moja. Jeraha likaoza. Siku zile hazikuwako dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo leo. Ugonjwa ukavuka mpaka jicho la pili. Alipofikia umri wa miaka mitano, Louis alikuwa haoni kitu.

Msomaji, hapa tusimame kidogo. Katika uwanda wetu wa kati macho huharibiwa zaidi na ugonjwa wa vikope. Wilaya ya Kongwa imejulikana kwa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Watafiti walifanya kazi huko katika miaka ya 1980 na 1990, wakaonyesha kwamba watoto wanaonawishwa uso kila siku, pamoja na kupewa dawa, hawaugui sana kama wengine. Basi mnawishe mtoto uso, hata kama maji ni machache. Weka mbali visu, misumari na vyuma vyenye ncha. Na jicho likiumia, usitie dawa za kubahatisha. Nenda hospitali siku ile ile.

2. Shule yenye vitabu vizito

Wazazi wa Louis hawakumficha ndani. Baba yake alimchongea fimbo ya kutembelea. Tena alipigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi, Louis akazipapasa. Padri wa kijiji alimfundisha, kisha akaingizwa katika shule ya kijiji pamoja na watoto wanaoona. Alijifunza kwa kusikiliza tu, lakini alikuwa na akili nyepesi, akafanya vizuri.

Mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris. Huko ilikuwako shule ya vijana wasioona, iliyoanzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780. Jengo lilikuwa bovu na lenye unyevu. Hata hivyo Louis alifurahi, maana alikuwa amesikia kwamba shule hiyo ina vitabu vya kusomwa kwa vidole.

Kweli, vitabu vilikuwako. Herufi za kawaida, zile zile unazozisoma wewe sasa, ziligandamizwa kwenye karatasi nene iliyoloweshwa, zikatokeza juu. Lakini vitabu hivyo vilikuwa na kasoro tatu.

Kwanza, herufi zilikuwa kubwa, kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa kizito sana na maneno yake machache. Pili, kidole kilihangaika kutambua umbo la kila herufi. Mwanafunzi alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Tatu, na hii ndiyo kubwa, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo mwenyewe. Kazi ile ilihitaji matbaa. Mtu asiyeona aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini hakuweza kuyatoa yake.

Louis alitambua mapema kwamba herufi zile zilitengenezwa na watu wanaoona, kwa kufuata mazoea ya macho yao. Kidole kina namna yake ya kujua vitu.

3. Nukta kumi na mbili

Mwaka 1821 shule ilijulishwa njia mpya. Aliyeileta ni Charles Barbier, mtu ambaye zamani alikuwa afisa wa jeshi. Njia yake haikutumia herufi za kawaida. Ilitumia nukta zilizotokeza kwenye karatasi. Mtu alibonyeza karatasi kwa chuma chenye ncha, akiongozwa na kibao, na nukta zikatokea upande wa pili. Hivyo asiyeona aliweza kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi walifurahi sana.

Lakini njia hii nayo ilikuwa na kasoro. Alama moja iliweza kuwa na nukta mpaka 12, yaani safu mbili za nukta sita sita. Alama hiyo ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole. Kidole kililazimika kupanda na kushuka kabla ya kuijua alama moja. Tena alama zilifuata sauti tu. Hazikuonyesha tahajia ya maneno wala vituo vya kuandikia, na tarakimu hazikuwamo.

Louis alikuwa na miaka 12 tu. Lakini aliona jambo moja waziwazi: nukta ni nzuri, ila ni nyingi mno.

4. Nukta sita

Kwa miaka mitatu Louis alijaribu. Mchana alisoma kama wenzake. Usiku, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray, alikaa na karatasi, kibao na chuma cha kutobolea. Chuma chenye ncha ndicho kilichomwondolea macho utotoni. Sasa kilikuwa mkononi mwake kama kalamu.

Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amekwisha pata njia yake. Alama yake ilikuwa na nafasi sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu. Alama nzima ilitosha chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Kwa nafasi hizo sita zinapatikana alama 63 mbalimbali. Hizo zatosha kwa herufi zote, vituo, tarakimu na hata muziki.

Jaribu mwenyewe, msomaji. Chukua punje za karanga. Fikiri nafasi sita mezani: tatu upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, na tatu upande wa kulia vivyo hivyo. Weka punje moja juu kushoto. Hiyo ni herufi a. Ongeza punje ya pili chini yake, katika safu ile ile ya kushoto. Hiyo ni b. Sasa panga alama nne kwa mfuatano: punje mbili, punje moja, punje mbili, punje moja. Fumba macho, pitisha kidole taratibu. Umesoma neno baba.

Tazama jinsi Louis alivyopanga kazi yake. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nafasi nne za juu tu. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza, ila imeongezwa nukta moja chini kushoto. Kwa hiyo ukiijua a umekwisha kukaribia k, na ukiijua b umekwisha kukaribia l. Herufi moja tu imekaa nje ya mpango huo, nayo ni w. Kifaransa hakikuihitaji siku zile, ikaongezwa baadaye. Sisi tunaosema watu, wewe na wote twaitumia kila siku.

Mwaka 1829 alitoa kitabu kinachoeleza njia hiyo. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kufundisha katika shule ile ile. Mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Tena alikuwa mpiga kinanda hodari, akapiga makanisani mjini Paris.

5. Mahali pa kuingizia na mahali pa kutolea

Msomaji, bila shaka umewahi kupeleka mtama au uwele mashineni. Mashine ya kusaga ina mahali pa kumimina nafaka na mahali pa kutokea unga. Kama pa kumimina pameziba, mashine haina faida. Kama pa kutokea pameziba, haina faida vilevile.

Maandishi nayo ni hivyo. Pana chombo cha kuingizia maneno na chombo cha kutolea maneno. Kwa Louis Braille chombo cha kuingizia kilikuwa kile kibao na chuma chenye ncha. Sifa zake njema ni hizi: ni chepesi, hakigharimu sana, na mtu aweza kukitembeza popote. Ubaya wake ni kwamba mwandishi hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, maana nukta hutokea upande wa pili wa karatasi. Akitaka kusoma alichoandika ni lazima aitoe karatasi na kuigeuza. Chombo cha kutolea kilikuwa karatasi yenyewe chini ya kidole. Hiyo haina kelele, haihitaji taa, na mtu aweza kuirudia mara nyingi apendavyo.

Lakini Louis aliona upungufu mwingine. Ndugu wanaoona nyumbani hawakuzijua nukta zake. Mwanafunzi akitaka kumwandikia mama yake, bado alihitaji mtu mwingine amwandikie. Siri yake ilipita tena mikononi mwa mwingine.

Basi mwaka 1839 alitangaza njia ya pili. Katika njia hii umbo la herufi za kawaida huchorwa kwa nukta, kwa kufuata hesabu, ili macho yazisome. Ilikuwa kazi ya polepole sana. Rafiki yake Pierre Foucault, ambaye naye alikuwa haoni, akatengeneza mashine ya kuirahisisha. Kufika mwaka 1841 mashine hiyo ilikuwa tayari. Ilikuwa na vitufe kumi. Asiyeona alibonyeza vitufe kwa vidole, na kwenye karatasi zikatokea herufi ambazo anayeona aliweza kuzisoma. Hayo yalikuwa kabla taipureta hazijaanza kuuzwa madukani.

6. Njia inakatazwa

Usidhani kwamba watu wote walimshangilia. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, jina lake Dufau. Yeye alitaka wasioona watumie herufi zinazofanana na za watu wanaoona. Aliona kwamba nukta zitawatenga. Nukta za Braille zikakatazwa darasani.

Je, wanafunzi walifanya nini? Waliendelea kwa siri. Walizitumia kuandikia kumbukumbu zao na kuandikiana barua. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Mtu aliyekwisha kuonja uhuru wa kuandika mwenyewe hawezi kuurudisha kwa sababu ameamriwa.

Mwaka 1844 jengo jipya la shule lilizinduliwa, na sherehe ikafanywa mbele ya watu wengi. Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, alikuwa amekwisha kuona faida ya nukta, akazitetea. Siku hiyo maneno yalisomwa kwa sauti, mwanafunzi mmoja akayaandika kwa nukta, na mwingine akayasoma yote kwa vidole vyake. Watu wakasadiki. Toka hapo nukta hazikufichwa tena.

7. Kifo chake, na yaliyofuata

Louis alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi. Alishikwa na kifua kikuu akiwa bado kijana. Mara kwa mara aliacha kufundisha, akaenda kijijini kupumzika, kisha akarudi. Alikufa mjini Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 43. Alizikwa Coupvray.

Hakuyaona matunda ya kazi yake. Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1854, Ufaransa iliikubali rasmi njia yake. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliichagua njia hiyo kuwa ya wasioona wa nchi mbalimbali. Mwaka 1952, baada ya miaka 100, mabaki yake yalihamishiwa Panthéon mjini Paris, mahali wanapozikwa watu wakuu wa Ufaransa. Lakini mifupa ya mikono yake iliachwa Coupvray. Wanakijiji wenzake walibaki na mikono iliyofanya kazi ile.

8. Vidole na kompyuta

Baada ya Louis watu waliendelea kutengeneza vyombo. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kuanza shule ya Buigiri, shule ya Perkins huko Marekani ilianza kutoa mashine ya chuma ya kuandikia nukta nundu. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, pamoja na kitufe cha kuachia nafasi. Mwandishi hubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, na herufi hutokea mara moja. Nukta hutokea upande wa juu, kwa hiyo aweza kusoma bila kuigeuza karatasi. Mashine hiyo ni nzito na ina kelele, lakini haitaki umeme. Ndiyo maana imefaa sana shuleni.

Siku hizi kuna kompyuta. Kompyuta nayo ina vyombo vya kuingizia na vya kutolea. Watu wengi huingiza maneno kwa vitufe vya herufi na kuyaona kwenye kioo. Kwa asiyeona, kioo hicho ni mahali pa kutolea palipoziba. Anahitaji njia nyingine, na ziko tatu.

Njia ya kwanza ni sauti. Programu huyasoma maneno yaliyo kwenye kioo. Sauti huenda haraka, lakini haionyeshi tahajia ya neno, na watu walio karibu husikia kama huna kifaa cha masikioni.

Njia ya pili ni chombo chenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka kwa umeme. Vipini huunda nukta nundu, kidole kikasoma mstari, kisha ukaja mwingine. Chombo hiki ni kimya na huonyesha kila herufi. Mara nyingi kila alama ina nukta nane, maana kompyuta ina alama nyingi kuliko zilizotosha nukta sita. Ubaya wake ni bei kubwa, na kwa kawaida huonyesha mstari mmoja tu kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ni mashine ya kuchapa nukta kwenye karatasi nene. Karatasi hudumu, nayo husomwa bila umeme. Lakini mashine hupiga kelele, na vitabu vyake hujaza kabati upesi.

Kwa kuingiza maneno, vipo vyombo vyenye vitufe sita au vinane vya nukta, vilivyopangwa kama vile vya mashine ya Perkins. Mtoto aliyejifunza kwa mashine ya chuma hataona ugeni.

Msomaji, vyombo vinabadilika, lakini swali la kijana yule wa Coupvray halijabadilika. Chombo kikiletwa mbele yako, uliza mambo mawili. Je, naweza kuingiza maneno yangu mwenyewe? Je, naweza kuyapata tena mwenyewe, bila kumwomba mtu? Kama jibu la moja kati ya hayo ni hapana, kazi bado haijakwisha.

Na kama katika kijiji chako yuko mtoto asiyeona ambaye anakaa nyumbani tu, nenda kaongee na wazazi wake na mwalimu mkuu. Louis Braille alipelekwa shule kwa sababu baba, mama na padri wa kijiji hawakumkatia tamaa. Mtoto huyo naye anayo maneno yake, nayo yanangoja njia ya kutokea.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Louis Braille alipofukaje? Sisi tufanye nini ili kulinda macho ya watoto wetu?
2. Taja kasoro tatu za vitabu alivyovikuta Louis katika shule ya Paris.
3. Kwa nini nukta sita ni bora kwa kidole kuliko nukta 12?
4. Panga punje za karanga uandike neno baba. Kisha mpe mwenzako alisome huku amefumba macho.
5. Mkuu wa shule aliogopa kwamba nukta zitawatenga wasioona na watu wengine. Je, wewe unaonaje? Toa sababu zako.